Kidole cha Pete Kwenye Kadi Mia Moja na Kumi na Nne

Kama kuna kitu kilichokuwa kinampandisha Bi Mistari mori, ni kuambiwa asubiri. Na kwa bahati yake mbaya, mwaka aliokuwa amebakiza kabla ya kustaafu ndio mwaka ambao ofisi nzima iligeuka chumba cha kusubiri. Skrini ziliandika SUBIRI. Simu ya wizarani ilisema subiri. Fundi wa mitambo aliyeletwa kuunganisha hayo madude, mtu mzima mwenye kipara na kitambi cha heshima, alikuwa hana sentensi nyingine ila "subiri kidogo, mama." Wiki ya pili tu watu wa masjala walishambatiza Subiri Kidogo, naye akawa anaitika bila kinyongo.

Bi Mistari naye hakuzaliwa na jina hilo. Aliingia masjala ya alama za vidole miaka ishirini na tisa iliyopita akiwa mpiga chapa, akapelekwa meza ya uchambuzi kumshikia nafasi bwana mmoja aliyekuwa anaumwa mgongo. Bwana yule akapona, akarudi, akakuta nafasi haipo tena. Binti alikuwa ameinamia kioo cha kukuzia na hataki kuinuka. Alijifunza kwamba vidole vya watu wote duniani vina koo tatu tu: vitanzi, mizunguko na matao, na kwamba ndani ya koo hizo hakuna ndugu wawili waliofanana. Baada ya miaka mitatu aliweza kuitazama kadi huku anakunywa chai, akakwambia, "Huyu tumeshakuwa naye," na ukifungua droo unamkuta kweli. Akavalishwa cheo, akaanza kupanda kizimbani kama shahidi mtaalamu. Mawakili walipoona jina lake kwenye orodha ya mashahidi, walikuwa wanawashauri wateja wao wakiri mapema wapate nafuu.

Masjala yenyewe ilikuwa ghorofa ya chini: makabati ya chuma mia mbili na arobaini, kadi laki sita, harufu ya wino na vumbi, na droo namba themanini na nane ambayo haifunguki mpaka uipige teke. Kila kadi ina visanduku kumi juu, kimoja kwa kila kidole, na chini yake nafasi ya vidole vinne vya kila mkono kukandamizwa kwa pamoja, ili mhakiki aone kama kila kidole kimekaa kwenye kisanduku chake. Kona ya kulia, chini kabisa, mhakiki anaweka herufi zake. Kwa zaidi ya miaka ishirini herufi hizo zilikuwa za Bi Mistari.

Watu walidhani anaogopa kompyuta. Kompyuta haikumtisha hata kidogo. Kilichomchosha ni vikao vyake. Kulikuwa na kikao cha kupanga kikao. Kulikuwa na mafunzo ya siku tatu ya kuwasha kitu chenye kitufe kimoja. Kadi laki sita zilipitishwa kwenye skana moja baada ya nyingine kwa miezi saba, na katika miezi hiyo skana iliugua mara kumi na moja, na mara zote dawa ilikuwa kuichomoa na kuichomeka upya, jambo ambalo mfagizi wa jengo alikuwa ameshalipendekeza siku ya kwanza. Hatimaye mfumo ukawaka. Mkuu wa kitengo, aliyekuwa amehamishiwa pale kutoka idara ya magari na alikuwa anazungumzia vidole kama vipuri, akatangaza kwamba waziri atakuja kuuzindua mwisho wa mwezi. Kabla ya hapo, akasema, waujaribu kwa huduma moja ndogo: vyeti vya tabia njema. Na kwa kuwa alihitaji mtu mzoefu pale dirishani, akamchagua Bi Mistari.

"Mimi ni mchambuzi, mkuu," alisema Bi Mistari. "Si karani wa dirisha."

"Ni kwa muda tu," alisema mkuu. "Subiri tuone."

Bi Mistari akaenda dirishani.

Siku ya nne akaja mama mmoja wa umri kama wake, kilemba safi, pochi kwapani, na karatasi zake ndani ya bahasha ya plastiki zimepangwa vizuri. Alikuwa amepata kazi ya ulezi kwenye bweni la shule ya msingi. Mwalimu mkuu alimtaka alete cheti cha tabia njema kabla mwezi haujaisha, na watoto wa wafanyakazi wa shule ile husoma hapo hapo. Alikuwa na wajukuu wawili anaowalea mwenyewe, wa darasa la pili na la nne.

"Nikikosa mimi, na wao wamekosa," alisema. "Kwa hiyo nimewahi, afande. Sikutaka kuja dakika za mwisho."

Bi Mistari alipenda watu wanaowahi. Akamwonyesha jinsi ya kuweka vidole kwenye kioo, mama akaviweka kimoja kimoja bila kuhitaji kuelekezwa mara mbili, kama mtu aliyezoea. Mashine ikafikiri. Ikaandika SUBIRI. Halafu ikaandika kitu ambacho Bi Mistari alikisoma mara tatu: KUMBUKUMBU 114 ZIMELINGANA.

Zikaanza kushuka kwenye skrini. Wizi wa kutumia nguvu. Kuvunja duka la simu. Wizi wa mifugo. Kughushi hati za kiwanja. Kutoroka chini ya ulinzi. Kujifanya daktari wa macho. Kwa mujibu wa mashine, mama huyu alikuwa wanaume mia moja na saba na wanawake saba.

"Mama," alisema Bi Mistari taratibu, "umewahi kukamatwa?"

"Mimi? Nimefanya usafi kituo cha polisi miaka kumi na saba, afande. Kama kukamatwa ni kulala kituoni, basi nililala mara moja, siku ya mafuriko."

"Subiri kidogo," alisema Bi Mistari, na papo hapo akajichukia kwa maneno hayo.

Akamwita Subiri Kidogo. Akaja, akainama, akakuna kipara. Akasema mashine haikosei kulinganisha, ila inaweza kuwa imelishwa kitu kibovu. Bi Mistari akamwomba azuie taarifa isitoke kwanza. Subiri Kidogo akatazama saa yake.

"Imeshatoka, mama. Zikilingana zaidi ya kumi, mfumo unaarifu wenyewe kituo cha karibu na makazi ya mhusika. Ni huduma mpya hiyo."

"Nani aliiomba hiyo huduma?"

"Ilijadiliwa kwenye kikao."

Basi jioni ile ile polisi wawili wakagonga mlango wa mama wa watu, saa ambayo majirani wote wako vibarazani. Hawakumchukua, walipomwona waliona wenyewe kwamba huyu hawezi kuvunja duka la simu. Lakini walikuwa wameshauliza kwa sauti, na mtaa ukawa umeshasikia. Kesho yake mjukuu wa darasa la nne alirudi kutoka shule akiuliza jambazi ni mtu wa namna gani.

Bi Mistari hakungoja kuambiwa. Asubuhi hiyo alizitoa kadi zenyewe, za karatasi, zote mia moja na kumi na nne, akazitandaza juu ya meza mbili na sakafuni. Zote zilitoka kituo kimoja. Akachukua kioo chake cha kukuzia. Ilimchukua chini ya dakika tano, na dakika hizo zilimwondolea raha ya maisha.

Kidole kilikuwa kimoja. Kidole cha pete cha mkono wa kushoto, chenye kitanzi kizuri na kovu jembamba la kisu likikata upande wa juu. Kwenye kadi hii kilikuwa kimekaa kisanduku cha dole gumba. Kwenye ile, cha shahada. Kwenye nyingine kimekaa mkono wa kulia kabisa, bila aibu. Na kule chini, kwenye nafasi ya vidole vinne vya pamoja, ambapo pengo lingeonekana hata na mtoto, kila kadi ilikuwa imechafuka wino, kwa bahati mbaya ile ile, mara mia moja na kumi na nne. Kovu lilikuwa linamtazama. Na kwenye kona ya kila kadi, kwa kalamu nyekundu, herufi zake.

Mama wa cheti alipofika mchana, macho yamevimba, Bi Mistari alimkalisha kwenye kiti badala ya benchi. Kituoni walikuwa wanamwita Mama Usafi, na hilo ndilo jina alilolipenda.

"Mama Usafi, pale kituoni, kuna mtu yeyote aliwahi kukuchukua alama za vidole?"

"Kuchukua, hapana. Ah! Unasema ile ya kuazima kidole?" Alisema hivyo kama mtu aliyeulizwa habari za chungio. "Hiyo ilikuwa mara kwa mara. Mtu analetwa, kidole hana, au kimefungwa bendeji, au ameungua. Sajini ananiita, 'Mama Usafi, njoo utuokoe!' Nafuta mkono, naweka. Huu wa kulia ulikuwa umeliwa na sabuni, hautoki vizuri, ndiyo maana tukawa tunatumia huu wa kushoto."

"Na hukuuliza kwa nini?"

"Niliuliza. Sajini akasema kuna mtu huko makao makuu, kadi ikiwa na kisanduku kitupu anairudisha. Unatuma, anarudisha. Unatuma, anarudisha. Mtu mwenyewe moyo wake jiwe. Nikaona kama ni kusaidia serikali, kidole ni kitu gani?"

Bi Mistari alikiweka chini kioo chake cha kukuzia. Alimwambia atalishughulikia, aje Ijumaa. Kisha akaenda chooni, akafungua bomba na kuyaacha maji yamwagike muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Kwa sababu mtu huyo alikuwa yeye. Miaka ishirini na kitu nyuma, akiwa ndiyo kwanza amepewa meza ya uhakiki na ana hamu ya kunyoosha mambo, alichoshwa na kadi zenye mapengo. Akaandika waraka: kadi yenye kisanduku kitupu isipokewe mpaka iambatane na barua ya daktari yenye mhuri. Wakubwa wakaupenda waraka. Wakampa cheti cha pongezi, kikatundikwa ukutani. Hakuna aliyekumbuka kwamba barua ya daktari inachukua wiki tatu, wakati kituo hakiruhusiwi kumshikilia mtu zaidi ya siku mbili. Alichonga mhuri wake mwenyewe, HAIJAKAMILIKA, wino mwekundu, na aliugonga kwa nguvu mpaka meza ikawa na shimo. Baada ya miaka miwili mitatu kadi zikaanza kuja zimejaa zote, akajisifu mbele ya wenzake kwamba nidhamu imeingia vituoni.

Nyumbani alimsimulia mumewe, fundi cherehani aliyekuwa na mashine yake barazani na wateja wa kutosha kumwudhi. Mumewe alisikiliza huku anatarizi, sindano mdomoni.

"Sasa wewe ulitaka wafanye nini?" aliuliza alipoitoa sindano. "Mtu hana kidole, wewe unataka kidole."

"Nilitaka barua."

"Barua isiyopatikana. Mimi mteja akinirudishia suruali mara tatu kwa kitu ambacho kitambaa hakiwezi, mara ya nne nashona juu kwa juu, naficha ndani. Anaipokea, anafurahi. Huwa hawageuzi ndani wakaona."

"Unanifananisha na wateja wako?"

"Nakufananisha na wale wabaya," alisema mumewe, na kwa kuwa walikuwa wameoana miaka thelathini, alijua kwamba hapo ndipo pa kunyamaza.

Asubuhi Bi Mistari alimpigia simu sajini, aliyekuwa amestaafu na anafuga kuku. Alianza kwa salamu, sajini akamaliza zote, habari za mama, za watoto, za afya. Lakini kuku wakasikika wakikimbia mara tu alipotaja kadi.

"Afande, mimi nimestaafu. Nina kisukari."

"Sikutafutii ubaya, sajini. Nataka kujua tu."

"Unataka kujua nini wakati wewe ndiye uliyekuwa unarudisha?" Sauti ikapanda, ilikuwa imesubiri miaka mingi. "Kadi moja mara nne! Mtu amekatwa kidole na msumeno wa mbao, mimi nimwoteshe kingine? Nikaandika 'hakipo'. Ukarudisha. Nikaandika 'hakipo, nimekiona kwa macho yangu kwamba hakipo'. Ukarudisha! Mkubwa wangu akawa ananiita mzembe kwa sababu kituo changu kinaongoza kwa mihuri yako. Tangu nilipoanza kumwita Mama Usafi, hukurudisha hata moja. Mwaka ule ukatuandikia barua ya pongezi. Ninayo mpaka leo."

Bi Mistari alimshukuru na kukata simu. Aliikumbuka barua hiyo.

Ikabaki kukitoa kidole kwenye kadi. Hapo ndipo Subiri Kidogo alipomketisha na kumweleza kwa upole, kama mtu anayetoa habari za msiba, kwamba mfumo hauna kitufe cha kufuta. Kumbukumbu ya jinai haifutwi. Lakini ipo fomu, inaitwa Kanusho la Mtaalamu, ambamo mchambuzi anaeleza kwamba kidole fulani si cha mwenye kadi, na anachagua sababu. Sababu zilikuwa tatu tu.

"Ya kwanza, hitilafu ya mashine," alisema. "Ukichagua hiyo inakwenda kwa waliotuuzia mfumo, wanachunguza. Mkataba unawapa miezi sita kwa kila kadi."

"Kwa kila kadi?"

"Ndivyo ulivyoandikwa. Ya pili, kosa la mpiga alama. Hiyo inakwenda kwa wakaguzi wa polisi, wanafungua jalada, wanamwita aliyehusika."

"Yule mzee wa kuku."

"Na yule mama pia, maana kidole ni chake. Ya tatu ni kosa la mhakiki. Hiyo inafunga papo hapo, kwa sababu mwenye kosa amekiri na hakuna wa kumchunguza." Akakuna kipara. "Hiyo sijawahi kuona mtu akiichagua. Hata kwenye mafunzo tuliiruka."

Bi Mistari alielewa mara moja, pengine kuliko fundi mwenyewe. Ukiandika mara mia moja na kumi na nne kwamba ulipitisha kidole cha uongo chini ya kioo chako, huwezi tena kusimama kizimbani ukaitwa mtaalamu. Wakili yeyote mwenye akili atavuta karatasi hiyo. Na si kwamba itakula kesi zijazo peke yake. Kila mtu aliyewahi kufungwa kwa ushahidi wake ataomba faili lake lifunguliwe, mwenye haki na asiye na haki. Tena kulikuwa na jambo jingine lililomkera kuliko hilo. Zamani kadi zilipangwa kwa vidole vyote kumi kwa pamoja. Kidole kimoja kikiwa cha uongo, kadi inakwenda droo isiyo yake. Kwa hiyo wale watu wote, walipokamatwa upya mahali pengine, masjala ilijibu kwamba hawajulikani. Kwa miaka yote hiyo waraka wake wa kunyoosha mambo ulikuwa unaficha wahalifu, na cheti cha pongezi zake alikuwa amekitundika ukutani ndani ya fremu.

Mkuu wa kitengo alipata habari, akamwita. Alikuwa amezungukwa na maboksi ya fulana za uzinduzi.

"Chagua ya kwanza," alisema. "Hitilafu ya mashine. Hakuna atakayeumia."

"Mama yule anahitaji cheti Ijumaa."

"Atasubiri."

"Miezi sita, mara mia na kumi na nne?"

"Bi Mistari, umebakiza miezi mingapi? Minne? Umefanya kazi nzuri, kila mtu anakuheshimu, waziri anakuja, kuna ngao yako imeshachongwa. Unataka kuniletea nini mimi? Mfagizi mmoja!"

"Mfagizi huyo ndiye aliyekuwa anajaza kadi zangu, mkuu. Mimi nilikuwa nahesabu visanduku. Sikuwa nasoma."

"Nakuomba uwe na subira."

Hapo ndipo lilipomtoka la moyoni. Alimwambia kwamba amesubiri skana, amesubiri wizara, amesubiri waliouza mfumo, amesubiri kikao kiamue rangi ya fulana, na sasa amechoka, amechoka mpaka kwenye mifupa, na kwamba kama kuna mtu mwingine atakayemwambia neno hilo leo, atamgonga mhuri kwenye paji la uso. Mkuu akatazama fulana zake. Bi Mistari akatoka, na mlango akaufunga kwa ustaarabu, jambo lililowaogopesha makarani kuliko kama angeubamiza.

Alianza Alhamisi asubuhi. Namba ya kadi, namba ya kisanduku, sababu: kosa la mhakiki. Kisha saini. Na saini ya mfumo mpya, kwa kuwa dunia ina dhihaka zake, ilikuwa dole gumba la mchambuzi mwenyewe juu ya kioo.

WEKA KIDOLE TENA, ikaandika mashine.

Akaweka tena. WEKA KIDOLE TENA. Akakifuta kwa leso, akakipuliza, akakilamba. WEKA KIDOLE TENA. Subiri Kidogo akaja, akakitazama kidole chini ya taa, akatikisa kichwa. Miaka ishirini na tisa ya wino na spiriti ya kufutia wino ilikuwa imelilainisha dole gumba mpaka mistari imebaki kama ya chapati. Bi Mistari wa mistari, mwenyewe hana mistari.

"Kwa kawaida," alisema Subiri Kidogo, "mtu ambaye kidole hakisomeki, mfumo unaomba barua ya daktari yenye mhuri."

"Nani aliweka sharti hilo?" aliuliza Bi Mistari, ingawa alishajua.

"Lilikuwepo kwenye nyaraka zenu za zamani. Tulilihamisha kama lilivyo."

Kwa mara ya kwanza tangu waanze kufanya kazi pamoja, Subiri Kidogo hakumwambia asubiri. Alitazama mlango, akatazama dari, akasema kwa sauti ya chini, "Mimi naweza kukupa cha kwangu, mama. Sekunde moja tu."

Bi Mistari alimtazama mpaka yule bwana akarudisha mkono mfukoni.

Wakatafuta njia ya halali. Waligundua kwamba kidole cha kati cha kushoto, ambacho hakikushika wino sana, kinasomeka ukikandamiza kwa pembe fulani na kuhesabu hadi nane. Mara nyingine ilikubali mara ya pili, mara nyingine ya tisa. Alikula akiwa kwenye kiti. Makarani walipita wakinong'ona, mmoja akamletea chai bila kuombwa. Kadi ya themanini na kitu ilikuwa ya mtu aliyemkumbuka: alikuwa amesimama kizimbani kwa ajili yake, nusu saa nzima, akimweleza hakimu kwamba vidole havidanganyi. Alikandamiza. Ikakubali mara ya kwanza. Saa kumi na moja jioni akamaliza ya mwisho, mkono umekufa ganzi, na skrini ikasafishika. Hakuna kumbukumbu iliyolingana.

Kabla hajavaa viatu vyake, barua ilikuwa mezani: kuanzia kesho jina lake limeondolewa kwenye orodha ya mashahidi wataalamu, atabaki dirishani mpaka atakapostaafu. Walioleta barua hiyo, ofisi inayohitaji wiki mbili kutoa kalamu, walikuwa wametumia dakika arobaini.

Ijumaa Mama Usafi alikuja na kilemba kipya. Bi Mistari akampa cheti mkononi, akamwonyesha mhuri, akamwonyesha maneno: hana rekodi yoyote. Mama Usafi akakisoma kwa sauti ya chini mpaka mwisho, pamoja na namba ya simu ya ofisi iliyochapwa kule chini. Kisha akakiingiza kwenye bahasha yake ya plastiki, akavuta pumzi, akacheka.

"Dada, sijui nikushukuru vipi. Nitaanza kazi Jumatatu. Na nyie huku, mkikwama tena na kadi, mniite tu. Si mbali."

"Usimpe mtu kidole chako!" Bi Mistari alijikuta amesimama, foleni nzima imegeuka. "Mtu yeyote! Hata akilia! Hata akiwa mimi!"

Mama Usafi alirudi nyuma hatua moja. "Samahani, dada. Nilikuwa naona walivyokuwa wanasumbuka. Yule mtu alikuwa anawarudishia..."

Angeweza kunyamaza. Cheti kilikuwa kimeshatoka, fomu zote zimeshafungwa, mama wa watu anakwenda zake na furaha yake, na hakuna sheria iliyomtaka aseme zaidi. Bi Mistari aliketi.

"Ni mimi," alisema. "Yule aliyekuwa anarudisha kadi ni mimi. Miaka yote ile. Waraka niliuandika mimi."

Mama Usafi alimtazama. Alitazama pia dirisha, kioo cha kuwekea vidole, kalamu iliyofungwa kamba ili isiibwe, halafu akamrudia yeye. Hakupandisha sauti.

"Mjukuu wangu bado ananiuliza kama ni kweli," alisema. "Na mimi wiki nzima hii nakuombea, dada. Kila usiku. Watoto wamelala, mimi nimepiga magoti, nakutaja wewe kabla ya wao." Akaiweka bahasha kwapani. "Leo nitalala mapema."

Akaondoka. Foleni ikasogea mbele hatua moja, na Bi Mistari akamwita anayefuata.